Gawa kwa Mbili

Kosa lilikuwa langu. Nililifanya nikiwa nimeshiba, nimekaa kwenye kiti, watu wananichekea. Sikusukumwa na mtu.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, au nilikuwa. Shule niliachia darasa la tano, na sijawahi kuona haya kusema hivyo, kwa sababu mageti niliyotengeneza bado yamesimama. Miaka tisa iliyopita nilianguka kutoka kwenye kenchi za paa la ghala, nikatua kwa mgongo juu ya rundo la nondo. Mfupa uliunga. Maumivu hayakuondoka. Yalihamia kwangu kama shemeji asiye na kazi: anakula, analala, na ukimuuliza anaondoka lini, ananuna.

Hivyo ndivyo nilivyofika kitengo cha maumivu cha hospitali kubwa. Mkuu wake ni daktari mmoja mfupi, mwanamke, anayetembea kama amechelewa mahali. Wote humwita Mama Kitengo. Siku moja, baada ya kunipima, aliniuliza, "Fundi, Jumanne una kazi?"

"Kazi yangu ni kuumwa, daktari."

"Basi njoo uifanye hapa."

Alikuwa anafundisha watafiti chipukizi. Walikuwa wanane, wameshamaliza vyuo vyao, wengine madaktari, wengine wauguzi, mmoja mfamasia. Kwa miaka miwili wangejifunza kuchunguza maumivu ya wagonjwa na kuyaandika vizuri ili dawa na tiba zipimwe kwa haki. Alihitaji mgonjwa halisi wa kukaa mbele yao, waulize, wakosee, warekebishwe. Nilikuwa mimi.

Chumba kilikuwa mwisho wa korido, nyuma ya stoo ya shuka. Viti vya plastiki, ubao mweupe uliochoka kufutwa, na ukutani picha ndefu ya kipimo: sifuri upande mmoja, kumi upande mwingine, na nyuso chini yake, ya kwanza inacheka, ya mwisho inalia. Kanuni ya Mama Kitengo ilikuwa moja, na aliirudia mpaka ukaisikia usingizini: mgonjwa akisema namba, andika namba hiyo hiyo. Usiongeze, usipunguze. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," alikuwa anasema. "Kazi yenu si kubishana na aliyelala."

Mwanzoni niliwasaidia kweli. Walikuwa wanaingia wamekumbatia fomu, wanauliza huku wanaangalia karatasi. Niliwaambia: kaa chini kwanza. Mtu aliyelala hapendi kuulizwa na mtu aliyesimama, anaona kama anahojiwa na polisi. Tena usiulize, "Leo nafuu kidogo, sivyo?" Ukiuliza hivyo nitasema ndiyo ili uondoke. Waliandika. Watu wenye shahada wanaandika maneno yangu! Wakaanza kuniita Mwalimu. Mtu wa darasa la tano akiitwa Mwalimu na wasomi wanane, kichwa kinavimba, na changu kilivimba mpaka kofia ikawa haiingii.

Aliyekuwa anaandika kuliko wote ni binti mmoja tuliyempachika jina la Kalamu. Alikuwa na kalamu tatu mfukoni, moja kwenye nywele, na bado alikuwa anaomba nyingine. Alikuwa mwangalifu mpaka anachosha. Alikuwa tayari kuuliza swali moja mara nne ili asikosee.

Jumanne moja Mama Kitengo aliitwa wodini katikati ya somo. Akatuambia tuendelee na mazoezi. Mlango ulipofungwa, mfamasia akainua mkono. "Mwalimu, tuambie ukweli. Mtu akidanganya, unamjuaje?"

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa limeandikwa ubaoni kwa wino mwekundu: andika anachosema. Lakini jibu hilo halichekeshi, na mimi nilitaka kuchekesha. Nikasimama, mkono kiunoni.

"Sikilizeni wanangu. Mtu mwenye kumi ya kweli hana mdomo. Kumi inakaba koo. Ukimkuta mtu anakwambia kumi, halafu anakuuliza wewe ni mtoto wa nani, anacheka, anamteta jirani yake, huyo ana tano. Kumi yake gawa kwa mbili!"

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Nikaongeza chumvi. Nikaigiza bwana mmoja anayelia "kumi, kumi" huku anaagiza soda. Mfamasia akapiga meza. "Kanuni ya Mwalimu! Gawa kwa mbili!" Kalamu hakucheka sana. Alikuwa anaandika.

Na hapa ndipo panaponiuma. Nilijua si kweli. Siku niliyoanguka kwenye nondo, uti wa mgongo umepasuka, neno langu la kwanza lilikuwa, "Nani amechukua kiatu changu?" Halafu nikamwambia mwenzangu azime mashine, umeme ni ghali. Walionibeba walikuwa wanacheka. Mimi mwenyewe nilikuwa na kumi, na mdomo wangu ulikuwa unafanya kazi kama cherehani. Nilijua, nikasema vile vile.

Miezi miwili baadaye dada yangu akateleza kwenye ngazi zenye maji nyumbani kwake, akavunjika mguu wa kulia, chini ya goti.

Dada ndiye aliyenilea. Mama yetu alifariki nikiwa na miaka kumi na moja, yeye kumi na saba. Akakaa kwenye cherehani ya mama, ile ya kukanyaga, akashona sare za shule za watoto wa wenzetu mpaka leo. Ananiita Cheche. Na dada yangu anaongea. Hajawahi kukaa kimya tangu azaliwe. Siku ya maafa anachekesha, siku ya sherehe anachekesha mpaka watu wanamwomba apumzike ili wale.

Walimfunga plasta asubuhi, wakamlaza wodi ya mifupa. Wodi ile ilikuwa na vitanda thelathini na viwili na muuguzi mmoja wa zamu. Kwa hiyo muuguzi alikuwa anategemea karatasi za watafiti. Wale vijana wa Mama Kitengo walikuwa wanafanya utafiti wao wodini humo, wanapita kila baada ya saa nne, wanauliza namba, wanaandika kwenye karatasi inayoning'inia miguuni mwa kitanda. Saba kwenda juu, daktari wa zamu anaitwa papo hapo. Chini ya hapo, endelea na vidonge.

Nilifika saa kumi na moja jioni, nikamkuta ameshafanya urafiki na vitanda vinne.

"Cheche! Njoo uone, wamenijengea nguzo ya zege. Wewe ulikuwa unachomelea vyuma, hawa wanachomelea watu!"

Mama wa kitanda cha pili alikuwa anajifuta machozi ya kicheko. Nikauliza anajisikiaje.

"Inauma, mdogo wangu. Kumi. Yule binti wa kalamu nimemwambia ni kumi. Kama kuna mtu ndani ya plasta anakaza bolti."

"Dada, mtu wa kumi hapigi soga."

"Nipige nini sasa, magoti?"

Nikacheka. Nikaenda miguuni mwa kitanda kusoma karatasi. Mwandiko wa Kalamu, safi kama wa kitabu. Saa nane mchana: tano. Pembeni, kwenye nafasi ya maelezo: *anaongea na kucheka.* Nilivyoiona ile tano, moyo ulitulia. Ndiyo, ulitulia. Nikamwambia dada, "Umeandikiwa tano. Hawa ni wataalamu, wanajua."

Akaniangalia kidogo. Halafu akamgeukia jirani yake akaanza hadithi nyingine, sauti juu zaidi. Sasa najua kwa nini alikuwa anapaza sauti.

Saa kumi na mbili, nikiwa nimeshaondoka, Kalamu alipita tena. Kumi, dada akasema. Tano, Kalamu akaandika. Zamu iliyofuata alikuwa mtafiti mwingine, naye akaandika tano, kwa sababu mbili zilizotangulia zilikuwa tano.

Nimeelezwa baadaye kilichokuwa kinatokea. Mguu ulikuwa unavimba ndani ya plasta, na plasta haitanuki. Damu inabanwa, nyama inaanza kufa. Dalili ya kwanza ni maumivu. Kabla ya baridi, kabla ya ganzi, kabla ya vidole kubadilika rangi, ni maumivu tu, makali kupita kiasi. Hakuna mashine iliyolia. Aliyelia ni dada yangu, na alilia kwa kucheka, kwa sababu ndivyo alivyoumbwa.

Asubuhi muuguzi alimgusa vidole vya mguu, akavikuta baridi kama bomba. Wakakata plasta mbio mbio, wakampeleka chumba cha upasuaji, wakaupasua mguu pande mbili kupunguza mbano. Mguu ulibaki. Lakini sehemu ya nyama ilikuwa imekufa, na mshipa unaoinua wayo ukafa nayo. Wayo wake wa kulia sasa unaning'inia. Anauburuta. Na mguu wa kulia ndio unaokanyaga cherehani.

Jumanne iliyofuata Mama Kitengo alituita wote kwenye kile chumba. Karatasi ya dada ilikuwa mezani. Kalamu alikuwa amesimama, hana kalamu hata moja.

"Mgonjwa alikwambia ngapi?"

"Kumi."

"Uliandika ngapi?"

"Tano."

"Kwa nini?"

"Nilikosea."

"Kukosea ni kuandika tisa badala ya kumi. Huku si kukosea, hii ni hesabu. Nani alikufundisha hesabu hii?"

"Hakuna mtu. Nilikosea mimi."

Wale saba walikuwa wanaangalia sakafu. Hakuna aliyeniangalia, na kule kutoniangalia kulikuwa kama wananinyooshea vidole vyote sabini. Nilichohitaji kilikuwa sentensi moja tu. Mdomo wangu, ule usiokosa la kusema, ulikauka. Mama Kitengo akasema Ijumaa watakaa wakubwa watatu waamue kama Kalamu anaondolewa kwenye mafunzo. Nikaondoka na fimbo yangu ya kutembelea, kimya, kama mwizi aliyeachwa apite kwa sababu amevaa vizuri.

Kalamu alinikuta koridoni, karibu na stoo ya shuka.

"Mwalimu, pole na mgonjwa. Sikujua ni dada yako."

"Ungejua?"

Akafikiri. Hajui kudanganya yule binti. "Sijui."

"Kwa nini hukunitaja?"

"Wewe ulisema. Mimi ndiye niliyeandika." Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini, "Na wakikuondoa, nani atawaambia wenzangu wakae chini kabla ya kuuliza?"

Angenitukana ningelala vizuri. Alinihurumia, mtoto mwenye umri wa kuwa binti yangu, anayekaribia kupoteza kazi yake kwa utani wangu.

Siku ya Alhamisi nilikwenda kwa dada wodini. Walikuwa wamemwinua mguu juu ya mito, umefungwa bandeji nene. Nilitegemea atanitania. Badala yake akaanza kumtetea Kalamu.

"Yule binti amekuja kunipigia magoti, Cheche. Nimemwambia ainuke, sakafu chafu. Ana adabu. Sijui nani aliyemharibu kichwa akadhani mtu anayecheka haumwi."

Nikasema, "Dada."

"Nini?"

"Ni mimi."

Nikamwambia yote. Mlango uliofungwa, mkono kiunoni, soda, gawa kwa mbili. Nilitazama mito nilipokuwa naongea. Nilipomaliza, nikasubiri. Dada yangu alikuwa kimya. Sijawahi kusikia kimya cha dada yangu, sikujua kina uzito kiasi gani. Mama wa kitanda cha pili akageukia ukutani.

Mwishowe akasema, "Yule binti nilimwambia kumi kwa sababu aliniuliza. Ni kazi yake. Wewe nilikuambia kwa sababu wewe ni ndugu yangu."

"Najua."

"Hujui. Ulisoma karatasi. Mimi niko hapa, mdomo ninao, ukaenda kusoma karatasi."

Akavuta shuka mpaka kifuani.

"Kesho nenda kaseme," akasema. "Halafu usije hapa mpaka nikuite."

Ijumaa nikaenda. Mama Kitengo alikuwa na madaktari wawili wazee, wote wamevaa tai, na wale wanane wamepangwa ukutani. Sikuwa nimeitwa. Nikagonga, nikaingia, nikasimama mbele ya ile picha ya nyuso.

"Mwenye kosa ni mimi," nikasema. "Kalamu nilimfundisha mimi."

Kuna mtu alicheka. Nadhani ni mfamasia, kicheko kifupi kilichomtoroka. Mmoja wa wazee naye akatabasamu, akidhani ndiyo desturi yangu. Mama Kitengo akainua kiganja. "Fundi, leo si siku ya utani."

"Sitanii."

"Tunajua unampenda binti huyu. Lakini kumbebea mzigo hakumsaidii."

Hawakuniamini. Nimesema kweli tupu mbele ya watu waliosomea kusikiliza, na hawakuniamini, kwa sababu mdomo wangu wamezoea kuusikia ukichekesha. Wameigawa kwa mbili. Nikahisi kidogo, kidogo tu, alichohisi dada yangu kitandani saa kumi na moja ile.

Nikamwambia Kalamu, "Toa daftari lako."

Akatikisa kichwa.

"Toa, mwanangu. Najua liko kwenye mkoba."

Akalitoa. Mama Kitengo akafungua kurasa mpaka akafika tarehe ile. Ilikuwepo, kwa mwandiko ule safi, na jina langu limepigiwa mstari: *Mwalimu: mwenye kumi ya kweli haongei. Anayeongea, gawa kwa mbili.* Akaisoma kwa sauti. Hakuna aliyecheka safari hii. Mfamasia akasema, polepole, "Swali nililiuliza mimi." Wa tatu akasema naye ameshaitumia kanuni ile. Kisha wa nne. Ikajulikana kwamba karatasi nyingi za wodi ile zilikuwa na tano ambazo si tano.

Mama Kitengo alivua miwani. Alinitazama kwa muda, na sikuona hasira, niliona kitu kibaya zaidi, mtu anayejilaumu kwa kukuamini.

"Umewahi kuwa na kumi, Fundi?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa unaongea?"

"Nilikuwa naulizia kiatu changu."

Akaandika hilo. Sijui aliliandika la nini.

Karatasi zote za miezi miwili zilitupwa, utafiti ukaanza upya. Kalamu hakuondolewa. Alirudishwa mwaka wa kwanza, na kwa miezi sita asiguse wodi, akae kwenye simu ya kitengo apokee namba za wagonjwa walioko majumbani. "Tano uliiandika wewe," Mama Kitengo alimwambia, na Kalamu akakubali. Mimi niliambiwa nisije tena Jumanne. Nilikubali pia. Sikuaga. Nilipopita koridoni nilisikia anawauliza wale vijana, "Mgonjwa akisema namba, mnafanya nini?" na wao wakajibu kwa pamoja, bila furaha.

Dada aliniita baada ya wiki tano, alipotolewa hospitali. Hakusema amenisamehe, na mimi sikuuliza. Alisema tu, "Kuna cherehani hapa inahitaji fundi."

Nikamtengenezea kanyagio jipya, limehamia kushoto, nikaunganisha fimbo ya chuma chini ya meza ili mguu mzima ufanye kazi ya miwili. Ilinichukua siku nne kwa sababu ya mgongo wangu. Alikuwa amekaa kitini akinitazama, mguu juu ya stuli, anaanza upya kuongea kidogo kidogo, kama mtu anayejaribu maji ya moto kwa kidole. Mshono wa kwanza ulikwenda kombo. Wa pili pia. "Sare hii atavaa mtoto mwenye bega moja," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akitania tangu siku ile.

Kitengo kilimpa fomu ya nyumbani. Asubuhi na jioni ndugu anauliza namba, anaandika. Saba kwenda juu, anapiga simu. Ndugu ni mimi. Naenda kila siku, nakaa chini kwanza, ndipo nauliza. Mara nyingi ni nne. Siku za baridi ni sita.

Jana jirani alikuja kuchukua gauni, akakaa. Dada akaanza kumsimulia jinsi nilivyowahi kuchomelea geti mwenyewe nikiwa ndani, nikashindwa kutoka. Jirani alikuwa anashika mbavu. Dada mwenyewe alikuwa anacheka mpaka meza inatikisika. Katikati ya hadithi nikauliza, kwa sababu saa ilikuwa imefika.

"Ngapi?"

"Tisa," akasema, bado anacheka. "Tangu mchana, na kidonda kinachoma. Halafu mjinga huyu akaanza kuita majirani kupitia dirishani..."

Nikaandika tisa. Nikachukua simu, nikapiga kitengo. Aliyepokea ni Kalamu.

"Dada anasema tisa," nikamwambia.

Nyuma yangu dada na jirani walikuwa wanaangua kicheko kingine, kikubwa kuliko vyote. Nilijua kinasikika kwenye simu. Nilijua Kalamu anakisikia. Nikasubiri aniulize.

Hakuuliza. Nikasikia kalamu ikikwaruza karatasi.

"Tisa," akasema. "Mlete sasa hivi, Mwalimu. Namwita daktari."